Picha Nne

Etelka huanza na mtaa wa Tettye, saa moja kasorobo,
mkoba wa barua begani,
ukanda wake ukimchora mstari usiofutika hadi usiku.
Pécs ni mji wa ngazi. Kilomita kumi na nne kwa siku,
kupanda, kushuka, kupanda,
na bado daktari aliandika bila kuinua macho:
*Apunguze mkate. Atembee.*

Atembee!
Aliicheka karatasi ile hadi mlangoni,
kisha akaketi kwenye benchi la zahanati, akalia
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Sare ya kwanza ilibana mwezi wa Machi.
Ya pili ilikataa vifungo Agosti.
Ya tatu iliagizwa Budapest, na mwenye stoo
akakisoma kipimo kwa sauti, mara mbili,
ili walio nyuma nao wapate.

Watoto wa shule: *Kifurushi kimekuja kwa miguu!*
Lajos, mumewe, hakusema kitu.
Alianza tu kutia alama ya penseli
kwenye karatasi ya jibini, usiku, kabla ya kulala.
Na Rozália wa nambari tisa, anayesubiri pensheni yake mkononi,
alimsogezea sahani ya biskuti: *Najua huwezi kukataa.*
Alikataa.
Rozália akatabasamu
kama aliyemwona mwizi akiapa.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mikono inakonda
huku tumbo linajaa,
kwa nini akigusa lango kidogo tu
paja huvilia damu wiki mbili,
wala ile michirizi ya zambarau, ubavuni,
aliyoificha hata gizani.

Bwana Vendel, mpiga picha wa pasipoti, hatupi kitu.
Kitambulisho cha posta hubadilishwa kila miaka miwili;
alizitoa bahashani, akazipanga nne mezani
kama karata, akavua miwani, akavaa tena.
Neno unene halikumtoka.
Alisema: *Nimepiga sura za watu miaka arobaini.
Anayenenepa, hunenepa akibaki yeye.
Wewe, binti, umefunikwa.*

Alikwenda nazo hospitali kubwa, ndani ya bahasha ileile.
Daktari huyu alimwomba avue soksi.
Alichelewa kwenye kila alama. Aliuliza usingizi.
Kisha akataja jina ambalo vitabu vyao vinauita uso kama ule:
uso wa mwezi.

Loo. Kwetu sisi mwezi ni sifa;
anayekuita mwezi karibu atatuma posa.
Mwezi wa hospitali haumtongozi mtu.
Ulimulika chini ya ubongo, kwenye tezi,
kijivimbe kidogo kuliko punje ya dengu,
na hicho ndicho kilichokuwa kikipiga mbiu ya mgambo
usiku na mchana, miaka sita:
*Hatari! Hatari! Wekeni akiba!*
Na mwili, mtiifu, uliweka.
Nje, watu walihesabu mikate.

Walikitoa kwa kupitia puani.
Ajabu ya mlango mdogo namna hiyo.
Alirudi nyumbani hawezi kuinua birika,
viungo vyote vinauma, na Lajos
aliikuta karatasi ya jibini imekunjwa vizuri
juu ya mto wake, penseli pembeni.
Hawajaizungumzia mpaka leo.

Mwaka umepita. Uso umerudi, si wote.
Vendel amepiga picha ya tano.
*Ile ya tatu usiitupe,* alimwambia. *Yule naye alifanya kazi.
Barua zote zilifika.*

Sasa njia nzima ni hongera.
*Siri ni nini? Umeacha sukari?*
Mwenye stoo ameisoma sare mpya kwa sauti ileile.
Na Rozália, leo asubuhi, sahani mkononi:
*Haya, sasa unastahili kimoja.*

Etelka alizihesabu noti polepole, moja moja,
akaigeuza karatasi upande wa bibi.
*Sahihi hapa,* alisema.
*Na hapa.*